Mti wa Shimba Hills: Maarifa ya Tiba Asili na Dawa za Saratani

Saratani huanza pale seli moja ya mwili inapoacha kufuata mipaka yake na kuendelea kugawanyika bila kikomo. Ndiyo maana dawa nyingi zilizotangulia katika kuutibu ugonjwa huu zililenga kitendo hicho kimoja, kugawanyika kwa seli. Seli inapojiandaa kugawanyika hujenga ndani yake nyuzi nyembamba za protini iitwayo tubulini. Nyuzi hizo huvuta kromosomu, nusu upande huu na nusu upande ule, ili seli mbili zinazozaliwa zipate mgao sawa. Kitu chochote kinachozizuia nyuzi hizo kujengeka, au kinachozikaza zisiweze kuachia wakati wake unapofika, huisimamisha seli katikati ya kazi, nayo hufa.

Mimea imekuwa ikitengeneza kemikali za namna hiyo tangu zamani za kale. Mmea hauwezi kumkimbia panzi wala mbuzi, kwa hiyo hujilinda kwa sumu inayotunzwa kwenye jani, gome, mzizi au utomvu. Baadhi ya sumu hizo huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, nyingine huzuia moyo wa mnyama, na nyingine hukamata tubulini. Hapo ndipo tiba ya miti shamba na tiba ya saratani zinapokutana. Zote mbili hufanya kazi na sumu, na zote mbili hutegemea kujua ni kiasi gani cha sumu hiyo mwili unaweza kustahimili.

Maarifa ya mganga wa tiba asili yamejengwa kwa kuona, kugusa, kunusa na kukumbuka yaliyowapata waliotangulia. Mganga anaona uvimbe unaokua, kidonda kisichofunga, titi lililokunjamana ngozi, mtu anayekonda huku tumbo likijaa. Hana darubini ya kumwonyesha chembe za damu, kwa hiyo saratani ya damu kwake inaweza kuonekana kama homa isiyoisha au upungufu wa damu. Si haki kumtazamia awe na dawa ya ugonjwa ambao hakuwa na njia ya kuuona. Lakini ni kosa kubwa zaidi kudhani kwamba kwa kuwa hajui jina la ugonjwa huo, basi hajui kitu. Anachokijua kwa uhakika ni nguvu ya mti: gome lipi hufunga tumbo la kuhara, mzizi upi hutapisha, utomvu upi hubabua ngozi, na kipimo kipi humwinua mgonjwa na kipi humzika. Watafiti wa saratani wamefaidika zaidi na ujuzi huo wa nguvu na hatari kuliko orodha yoyote ya majina ya magonjwa.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni ule wa vinka, ua lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, linalopandwa mbele ya nyumba nyingi Afrika Mashariki na kustahimili jua na mchanga wa pwani. Asili yake ni Madagascar, na kwa jina la kitaalamu huitwa Catharanthus roseus. Liliposambaa katika nchi za joto, watu wa maeneo mbalimbali, Jamaica ikiwa mojawapo, walianza kuchemsha majani yake na kunywa maji yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 majani ya vinka kutoka Jamaica yalifika Kanada, mikononi mwa daktari Clark Noble, naye akampelekea ndugu yake Robert Noble, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert aliwapa panya maji ya majani hayo, lakini sukari katika damu yao haikushuka. Alipoamua kuwachoma sindano ya dawa hiyo, panya walikufa kwa maambukizi. Damu yao ilionyesha sababu: chembe nyeupe zilikuwa zimepungua mno na uboho wa mifupa ulikuwa umedhoofika.

Mtafiti mwingine angeweza kuishia hapo na kuandika kwamba dawa ya wenyeji haifanyi kazi. Noble aliona jambo jingine. Kitu kinachozuia chembe nyeupe zisizaliane kinaweza kuwafaa wagonjwa ambao chembe hizo zimezidi kupita kiasi, yaani wagonjwa wa leukemia. Akishirikiana na mkemia Charles Beer, alitenga kemikali iliyoitwa vinblastini, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 1958. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza mmea huo kwa njia yake yenyewe, ilipata vinkristini, ambayo iliidhinishwa kutumika Marekani mwaka 1963. Zote mbili hushika tubulini na kuzuia nyuzi zisijengeke. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 leukemia ya watoto ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Leo, kwa mchanganyiko wa dawa ambao vinkristini ni mojawapo, watoto takriban tisa kati ya kumi hupona katika nchi zenye hospitali zilizojitosheleza.

Afrika Mashariki iliingia katika historia ya dawa hii mapema. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya uvimbe huo, unaokua kwa kasi kuliko karibu saratani nyingine zote za binadamu, na ambao hadi leo hubeba jina lake. Sampuli zilizopelekwa London kutoka Kampala ndizo zilizowawezesha Michael Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong kugundua mwaka 1964 kirusi kinachohusika na ugonjwa huo. Limfoma ya Burkitt huitikia dawa vizuri mno, na vinkristini imekuwa mojawapo ya nguzo za matibabu yake pamoja na siklofosfamidi na methotreksati.

Ugonjwa huohuo unaonyesha pia upande wa pili wa mimea. Mnyaa, mti usio na majani ya kuonekana na wenye utomvu mweupe, hupandwa kuwa ua wa boma katika sehemu nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania, na utomvu wake hutumiwa kama dawa. Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba kemikali za utomvu huo zinaweza kukiamsha kirusi cha Epstein na Barr kilicholala ndani ya chembe za damu, na watafiti wameuhusisha mti huu na limfoma ya Burkitt katika maeneo yenye malaria kali. Mfano mwingine unatoka Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wapatao mia moja waliotumia dawa za mitishamba za kupunguza unene waliharibika figo, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kisababishi kilikuwa asidi ya mimea ya jenasi Aristolochia. Ule usemi kwamba dawa ya asili haina madhara umeua watu, na hauna msingi katika maarifa ya waganga wenyewe. Mganga mzoefu ndiye wa kwanza kumwonya mtu asiuguse mti asioujua.

Kisa kinachowagusa zaidi wasomaji wa Kiswahili hakijulikani sana. Kuanzia mwaka 1960 hadi mapema miaka ya 1980, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ikishirikiana na wizara ya kilimo ya nchi hiyo, ilikusanya na kupima takriban sampuli 35,000 za mimea kutoka pande nyingi za dunia. Miongoni mwa zile za mwanzo ilikuwamo sampuli ya kichaka kutoka Ethiopia, cha jenasi Maytenus. Mkemia Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia alifanikiwa kutenga kemikali iliyokuwa na nguvu ndani yake na kuitangaza mwaka 1972 kwa jina la maitansini. Nguvu yake iliwashangaza watafiti. Katika seli za maabara ilikuwa kali kuliko vinkristini kwa mara mia moja na zaidi, ingawa inashika tubulini karibu na mahali palepale.

Tatizo lilikuwa uchache wake. Kichaka cha Ethiopia kilikuwa na sehemu ndogo mno ya miligramu katika kila kilo. Ndugu yake mmoja, Maytenus buchananii, anayeota katika Milima ya Shimba (Shimba Hills), Kwale, nchini Kenya, alikuwa na zaidi, lakini bado chini ya miligramu mbili kwa kilo. Ili kupata dawa ya kutosha majaribio ya binadamu ilibidi zikusanywe tani nyingi za mti, na katika miaka ya 1970 takriban tani 27 zilivunwa Shimba Hills na kupelekwa Marekani. Shimba Hills ni nchi ya Wadigo, mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda, watu wanaoishi kuanzia Kwale hadi upande wa Tanga. Maandishi mengi kuhusu haki za maarifa ya wenyeji yanaeleza kwamba Wadigo waliujua mti huo na kuutumia kutibu uvimbe wa namna ya saratani, na kwamba tani hizo ziliondoka bila ridhaa yao, bila malipo, na bila kutajwa kuwa na mchango wowote.

Majaribio kwa wagonjwa yalianza katikati ya muongo huo na kuishia katika masikitiko. Wagonjwa walitapika, wakaharisha, wakadhoofika, mishipa ya fahamu ikaumia, na uvimbe wa wachache tu ndio uliopungua. Kipimo cha kuua saratani kilikaribiana mno na kile cha kumuumiza mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maitansini ikawekwa kando.

Ilichukua miongo mingine mitatu kwa jibu kupatikana, na jibu lenyewe halikuwa kuipunguza makali sumu hiyo. Wataalamu waliamua kuifikisha kwenye seli ya saratani peke yake. Takriban saratani moja kati ya tano za matiti, au pungufu kidogo, huwa na protini nyingi ya HER2 juu ya seli zake. Kuna kingamwili iliyotengenezwa kuitambua protini hiyo, iitwayo trastuzumabu. Watafiti waliifunga kila kingamwili kwa wastani wa molekuli tatu na nusu za kitu kilichotokana na maitansini. Kingamwili husafiri katika damu, hunasa kwenye HER2, humezwa na seli, na ndani ya seli hiyo sumu hufunguliwa. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliidhinishwa Marekani mwezi Februari 2013. Katika jaribio kubwa lililotangulia idhini hiyo, wanawake wenye saratani iliyosambaa walioipata waliishi kwa wastani wa miezi 30.9, ikilinganishwa na miezi 25.1 kwa waliopewa matibabu ya kawaida ya wakati huo. Mwaka 2022 ikafuata dawa nyingine ya ukoo huohuo kwa saratani ya ovari.

Dawa hizi leo hazihitaji tena mti kutoka Kwale. Mwaka 1977 wanasayansi wa Japani waligundua bakteria wanaotengeneza kemikali za jamii ya maitansini, na viwanda hutumia bakteria hao kwenye matangi ya kuchachushia. Baadaye ilionekana kwamba hata katika mimea ya ukoo huo, bakteria wanaoishi ndani ya mizizi wanahusika na utengenezaji wake. Kwa msitu huo ni nafuu, maana kuuvuna kila mwaka kungeumaliza. Kwa haki za Wadigo ni pigo, kwa sababu mwenye kiwanda anaweza kusema hana kitu chao mkononi. Hoja hiyo haina uzito. Bila sampuli za Afrika Mashariki kusingekuwa na majaribio ya miaka ya 1970, na bila majaribio hayo hakuna ambaye angejua kwamba kemikali ile inastahili kubebwa na kingamwili.

Swali ambalo wanasayansi wamelijadili kwa muda mrefu ni kama ujuzi wa wenyeji huongeza kweli uwezekano wa kupata dawa ya saratani, au kama kukusanya mimea bila kuchagua kungetosha. Upande wa pili una ushahidi wake. Paklitakseli, mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa saratani ya matiti na ovari, ilitoka kwenye gome la mti uliokusanywa mwaka 1962 katika jimbo la Washington bila kuongozwa na mganga yeyote. Lakini mwaka 1976 Richard Spjut na Robert Perdue, waliofanya kazi katika mpango huohuo wa Marekani, walipitia matokeo yake na kulinganisha mimea yenye historia ya matumizi na ile isiyo nayo. Mimea ya tiba ilionyesha uwezo dhidi ya saratani mara nyingi zaidi kuliko iliyookotwa tu. Iliyoongoza ni ile ambayo watu waliitumia kama sumu ya kuvulia samaki na sumu ya mishale. Matokeo haya yanastahili kujulikana zaidi Afrika Mashariki, ambako wawindaji wa Kigiriama na Kikamba walikuwa mabingwa wa kupika sumu ya mishale. Kwa mtafiti wa saratani, mzee anayejua mti wa sumu ni mwalimu sawasawa na mzee anayejua mti wa dawa, na wote wawili wanazeeka bila maarifa yao kuandikwa.

Kuandika huko kunahitaji sheria, la sivyo kunakuwa mlango wa kuibiwa kwa urahisi zaidi. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulitamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na viumbe vyake. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, ikaweka masharti ya ridhaa na mgawanyo wa faida. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na Kenya ikatunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Mwezi Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani zilikubali mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aeleze chanzo cha mmea na cha maarifa ya wenyeji aliyoyategemea. Ni hatua njema iliyochelewa. Mkataba huo haurudi nyuma, kwa hiyo hauwagusi waliovuna Shimba Hills.

Wakati sheria zinasubiri kutekelezwa, wagonjwa wanaendelea kunywa mitishamba. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Dawa hiyo ilitokana na mti wa mugariga, na ilisemwa kutibu magonjwa sugu, saratani ikiwamo. Siku hizi majani ya mstafeli ndiyo yanayosifiwa zaidi. Ni kweli kwamba kemikali za mstafeli huua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, lakini hata chumvi ikizidi huua seli kwenye kisahani. Hakuna jaribio la kuaminika lililoonyesha kwamba majani hayo huponya saratani ya binadamu. Kilichoonekana katika kisiwa cha Guadeloupe ni kwamba matumizi makubwa ya matunda na majani ya ukoo huo yalihusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili ambao dawa za kawaida haziupunguzi.

Gome la mti ambao Wakikuyu huuita muiri, Prunus africana, nalo huuzwa kwa wazee wenye matatizo ya tezi dume. Lina manufaa kiasi kwa tezi iliyovimba tu, hali ambayo si saratani. Mzee anayelinywa na kupata nafuu ya mkojo anaweza kuchelewa kupimwa, na kama uvimbe wake ni wa saratani, muda huo hauwezi kurudishwa. Mti wenyewe umechunwa magome kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa.

Tofauti kati ya jani na dawa hospitalini iko kwenye kipimo. Vinkristini hutolewa kwa miligramu 1.4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, na kwa kawaida mtu mzima hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja. Ikizidi, mishipa ya fahamu huharibika. Ili kupata gramu moja ya dawa hiyo huhitajika majani makavu mengi mno, na kiasi kilichomo hubadilika kulingana na udongo, msimu na umri wa mmea. Hakuna sufuria inayoweza kupima hayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani inayotibika walioacha hospitali na kuchagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wenzao.

Wengi, hata hivyo, hawaachi hospitali. Hutumia vyote viwili, na humficha daktari kwa kuogopa kukaripiwa. Hatari hapo ni ini, kwa kuwa ndilo linalovunja dawa nyingi. Mmea unaoliharakisha hufanya dawa iishe kabla ya kufanya kazi, na unaolichelewesha hufanya dawa ijilimbikize hadi kuwa sumu. Jambo hili limepimwa kwa irinotekani, dawa ya saratani ya utumbo mpana iliyotokana na mti wa China: wagonjwa waliotumia pamoja nayo mmea wa Ulaya uitwao Hypericum walipungukiwa na kiini cha dawa hiyo mwilini kwa takriban asilimia 40.

Kwa hiyo mgonjwa aliye katika matibabu ya Ocean Road, Mulago au hospitali nyingine yoyote na amwambie daktari wake kila anachokunywa, jina la mti, sehemu inayotumika na tangu lini. Daktari naye asikilize bila kukaripia na aandike kwenye faili. Mganga anayeletewa mtu mwenye uvimbe unaokua au kidonda kisichofunga amsindikize akapimwe mapema, kabla ya kumchimbia mzizi.